Bi Komeo, Mstaafu Asiye na Faili

Bi Komeo anastaafu Ijumaa hii, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya programu huria kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Hesabu hiyo isomeni kwa heshima, ilitutoa jasho.

Kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya usalama na kulinda siri za watumiaji. Matundu ameziba mia tisa na kumi na moja, na anayebisha aje ahesabu. Kwa siri ndiyo usiseme. Kamera ya kompyuta yake ameibandika plasta ya kidonda. Siku yake ya kuzaliwa anaijua yeye na mama yake, na nasikia mama naye kaapishwa.

Ni yeye aliyetunga sheria yetu maarufu: taarifa za mtu zisizoguswa kwa siku tisini zifutwe. Programu ya kufuta akaiandika mwenyewe, safi kama sahani ya mgeni. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba wafanyakazi nao ni watu. Sisi wavivu tulipona, maana kila mwezi tunaomba ruhusa na faili zinaguswa. Yeye hajawahi kuomba hata siku moja.

Basi mwezi uliopita akaenda kwa karani wa utumishi kuchukua barua ya kustaafu. Karani akatafuta mpaka shingo ikamuuma.

"Shangazi, kwa mujibu wa mashine hujawahi kuajiriwa. Jumatatu njoo kwenye usaili."

Usaili! Ngazi za ghorofa nne zimeshamla magoti, na nyumbani mjukuu wa kwanza anamngoja. Bila barua, angeanza kazi upya kama kijana wa jana.

Tukamwokoa sisi, wenye vichwa. Msimbo wa programu zetu uko wazi, dunia nzima inaona kila kiraka kilichoziba tundu, tarehe yake na aliyekiweka. Tukachimba mpaka kiraka chake cha kwanza, miezi na miaka ikapatikana. Karani akachapa barua palepale.

Mnadhani alishukuru? Akamgeukia karani:

"Mwanangu, umejuaje kuwa Bi Komeo ni mimi?"

"Si wote wanakuita hivyo?"

"Hata mwizi ukimwita ataitika."

Akairudisha barua! Akaandika ripoti: karani hutoa barua kwa jina la mdomoni, tundu la hatari. Kisha akaketi kwenye kiti cha karani, akaliziba mwenyewe, la mia tisa na kumi na mbili. Tangu hapo, barua haitoki mpaka mtu ajithibitishe kwa ufunguo wake wa siri, ule anaotilia sahihi kazi zake kwenye mashine. Wa kwanza kukaguliwa akawa yeye. Ufunguo ukalingana na sahihi ya kiraka cha kwanza, mashine ikakubali.

Akaipokea barua kwa mikono miwili. Halafu yule mama wa siri akalia, hadharani, ofisi nzima ikitazama, wala hakujificha.

Asante, Bi Komeo. Tunakutakia maisha mema yenye habari njema tele, na usione haya kutupigia simu kutusimulia.