Yudith Mama Sila na Picha za Pwani

Habari za maisha yake, zilizosomwa kaburini na mdogo wake, Mwalimu Gideoni. Buigiri, Ijumaa, tarehe 13 Juni 1913.

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka Gulwe na Haneti, nawasalimu, mbukwenyi. Huyu tunayemlaza leo mlimjua kwa maziwa yake, kwa ulimi wake, na zaidi kwa picha zake. Wengi mliosimama hapa mmewahi kukaa kwenye ngozi yake ya ng'ombe mkatembezwa miji ya Pwani bila kuinuka, naye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona.

Marehemu Yudith alizaliwa Haneti, mtoto wa kwanza wa baba yetu. Mwaka wenyewe haukuandikwa popote. Kwa hesabu ya wazee ni kama 1864. Utotoni alipewa ndama wa kuchunga, lakini ndama hao mara nyingi walionekana shambani kwa watu, kwa sababu mchungaji alikuwa kando ya njia akiwauliza wapita njia wametoka wapi, wanakwenda wapi, na huko kukoje. Baba alimchapa, hakuacha. Habari ya shule itakuja mahali pake, kwa kuwa utotoni haikuwepo.

Mwaka 1883 aliolewa hapa Buigiri na Matonya, ambaye leo tunamwita Mzee Bartolomayo, na ndiye huyu aliyeketi karibu na kaburi. Walijenga tembe, wakalima uwele, wakafuga. Walipata watoto wengi, wakabakiwa na wawili, Sila na Raheli. Sila ndiye aliyempa mama yake jina ambalo wote tulimwita. Alikuwa kijana mcheshi, mrefu, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika tangu udogoni, mbuzi alipong'ang'ania kijiti alichokuwa amekivaa kwenye ndewe. Mama yake alicheka kwanza ndipo akamfunga kidonda, na Sila hakuacha kumtania kwamba ana deni la kicheko kile.

Kisha sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikaja ikamaliza zizi. Nyumba hii haikuinuka tena vizuri baada ya hapo. Sila alipofika umri wa kuoa, ng'ombe wa mahari hawakuwapo, na mwaka 1902 akajiunga na msafara wa wapagazi uliokuwa ukishuka.

"Yaya," alimwambia mama yake, "nakwenda Pwani. Nikirudi, zizi litakuwa na sauti."

Mama yake hakumwuliza Pwani ipi. Nani kati yetu angeuliza? Sisi watu wa huku tulikuwa tukisema Pwani kama tunavyosema Mvumi au Mpwapwa, mahali pamoja penye maji mengi na Waarabu, unafika ukimtafuta mtu unamwona. Sila akaondoka, na habari zake zikakatika.

Ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza. Misafara iliyopita hapa ilihitaji maziwa na maji, na Yudith, aliyekuwa amebakiwa na mbuzi wachache wa kukamua, hakuwa mtu wa kumnyima mgeni. Lakini kila aliyekunywa alitakiwa kueleza huko Pwani kuna nini. Wafanyabiashara, wapagazi, wapimaji wa barabara, wote walisimulia. Wengine walikuwa na picha ndogo za karatasi ngumu, zile zinazouzwa bandarini, wakamwachia. Akapata mnara wa saa, akapata kanisa lenye paa lililochongoka mbele ya maji, akapata boma, akapata nyumba ya wapagazi. Waliomwachia walimweleza pia jinsi kila kitu kilivyojengwa: mawe huchimbwa baharini, mengine huchomwa yakawa chokaa, na nguzo za mikoko huletwa kwa mashua. Hayo ya mawe kutoka majini alikataa kuyaamini mwaka mzima.

Mwaka 1905 mpagazi mmoja alimpa picha ya forodha. Uani kulikuwa na magunia, na juu ya gunia moja ameketi kijana aliyegeuza uso kando. Sikio lake la kushoto limechanika. Dada yetu aliweka kidole juu ya lile sikio.

"Hapa ni wapi?" alimwuliza mpagazi.

"Pwani, mama," akajibu yule mtu, akafuta maziwa mdomoni, akajitwika mzigo wake akaenda.

Tangu siku hiyo alizitandaza picha zote juu ya ngozi na kuzipanga ziwe mji mmoja. Mnara wa saa hapa, kanisa kulia kwake, boma nyuma, forodha chini ambako maji yanaanza. Alimfundisha mumewe njia mpaka akaijua kwa moyo: ukipita mnara, shika upande wa kanisa, teremka, utamwona mtoto. Mzee Bartolomayo akashuka Bagamoyo kwa miguu, kwa kuwa ndiko misafara yetu ilikoishia. Alitafuta mnara wa saa, watu wakamshangaa. Alitafuta kanisa lililochongoka, wakampeleka kwa mapadri, si lile. Forodha aliiona, lakini haikufanana. Alirudi amekonda, miguu imevimba.

"Mwanamume mzima," mkewe alimwambia, "umeshindwa kuona nyumba ya mawe?"

"Haipo, Mama Sila."

"Ipo. Hii hapa."

Mzee alichukua jembe akaenda shambani. Baada ya mavuno mengine alishuka tena, mji uleule, kwa maelezo yaleyale. Aliporudi mikono mitupu mara ya pili, nyumba ile ilipoa. Walikula chungu kimoja bila kuzungumza. Yudith aliona mumewe hakutafuta kwa moyo. Mzee naye alianza kuogopa kwamba mkewe anapotewa na akili. 

Reli ilipofika Gulwe, misafara ikaacha kupita hapa. Yudith naye akahamia Gulwe kila kiangazi kwa binti yake Raheli, akauza maziwa stesheni na kuwahoji abiria madirishani. Huko, mwaka 1910, alikutana na Hassani, mfanyabiashara wa Kondoa, mtu mpole aliyefanya biashara ya nta na asali mpaka kusini kabisa. Hassani alikaa kwenye ngozi, akasikiliza mji wote tangu mnara hadi forodha. Hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza kama anaweza kuzishika zile picha.

"Mama yangu," alisema, "huu mnara wa saa uko Tanga." Akauweka upande mmoja. "Kanisa hili liko Dar es Salaam. Hii nyumba ya wapagazi, naam, ni ya Bagamoyo." Kila picha akaitenga mbali na mwenzake, na katikati ya ngozi pakabaki wazi. "Na forodha hii naijua. Nimelala uani pale na mzigo wangu. Hii ni Lindi."

"Lindi ni mtaa gani?"

"Si mtaa, mama. Ni mji mwingine. Ukitoka Bagamoyo ni safari ya meli."

Raheli anasema mama yake alipitisha kiganja pale katikati palipobaki wazi, akasema, "Kwa hiyo Baba Sila hakudanganya." Alifunga safari siku ileile kurudi hapa Buigiri. Alipofika alipiga magoti mbele ya mumewe uani, mbele ya wakwe, akaomba radhi kwa sauti ya kusikika. Wengi wenu mlikuwapo.

Hassani aliahidi kupita Lindi, na mwaka uliofuata akarudi na habari. Sila alikuwa huko kweli. Bagamoyo alipakiwa melini pamoja na wenzake, wakashushwa Lindi kubeba mizigo ya forodha. Alioa mwanamke wa huko, Kuluthumu, wakapata binti, Tabu. Alikufa kwa homa mwaka 1909. Yaani baba yake alipokuwa akizunguka Bagamoyo, Sila alikuwa hai, amekaa juu ya magunia. Naye alikuwa akitafuta. Kuluthumu alimweleza Hassani kwamba kila msafara ulipoingia kutoka bara, Sila aliacha kazi akaenda kuwauliza habari za mama yake. Lakini misafara ya Lindi hutoka Songea na upande wa Nyasa. Huko nani anaijua Buigiri?

Yudith alinyolewa nywele, akakaa matanga. Alilia kilio ambacho hatutaki kukikumbuka. Matanga yalipoondolewa, alikwenda kwenye darasa la misheni, mama mwenye wajukuu, akaketi chini pamoja na watoto. Mwalimu wa darasa hilo alitaka kumwanzishia jina lake. Alisema jina lake analijua, aanze na Lindi. Alijifunza majina ya miji yote ya picha zake, akayaandika nyuma ya kila moja kwa mkono mzito. Kijana yeyote aliyeaga kwamba anakwenda Pwani alishikwa shati. "Pwani si mji," alimwambia. "Taja mji, na ukifika utume neno umefika mji gani." Leo wako akina mama hapa wanaojua watoto wao walipo kwa sababu ya ukali ule.

Mwaka jana mpiga picha mmoja aliyekuwa akisafiri kwa treni alimwomba ampige picha stesheni. Yeye aliyekusanya picha zote hizo hakuwa na yake hata moja. Alikubali kwa sharti kwamba ipelekwe Lindi, kwa mjukuu wake Tabu. Yule bwana aliuliza nyuma aandike nini.

"Andika Buigiri," alisema. "Huko watamwambia bibi yake yuko bara. Bara nako si mji."

Kama picha ilifika, hatujui.

Kifua kilimwanza mvua za mwaka huu zilipoanza. Raheli alimleta nyumbani, Mzee Bartolomayo akawa anamkanda usiku na mchana na kumlisha uji kwa mkono wake. Alifariki jana, Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa za kukamua, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe.

Ameacha mume, Mzee Bartolomayo Matonya, binti, Raheli, mdogo wake, Gideoni, wajukuu wa Gulwe, watoto wa Raheli, ambao wote mnawaona, na mjukuu mmoja, Tabu binti Sila, ambaye sura yake hakuna hata mmoja wetu aijuaye.

Basi ninyi mnaosafiri, mkimpata mtoto huyo, msimwambie bibi yake amezikwa bara. Mwambieni kaburi liko nyuma ya tembe la babu yake, na mji muutaje. Mungu ampokee dada yetu na kumpa pumziko, hapa Buigiri.