Zaituni alipolia redioni

"Redio si fasi ya kulelea mutoto, we Rehema!" Mama Bushira, aliyezoea kukaa na mtoto wa Rehema saa za kazi, alikuwa amegeuka mzima kwenye kiti cha mbele, na teksi yote kutoka Fizi ilikuwa imenyamaza isipitwe na neno. "Unasoma tangazo ya kifo, Zaituni analia mu mugongo. Benye kufiwa balisema hata mutoto wa redio analilia marehemu wabo!"

Rehema hakucheka. Mkuu wake alishamwambia: mtoto akilia tena hewani, kazi itapewa mwingine.

"Ningemuacha wapi, mama? Wiki mbili tukifika, mulango yako imefungwa. Nilijua umetuchoka."

"Kuchoka? Mujukuu wangu alikuwa na surua! Ulitaka aambukize wako?"

"Si ungesema?"

"Nilituma Haruna akuambie!"

Macho yote yakamwendea Haruna, dereva, ambaye ghafla aliona barabara inataka uangalifu mkubwa. "Bamama, nilisahau," akauambia usukani.

Rehema akashusha pumzi aliyoibeba wiki mbili. "Sasa mujukuu iko namna gani?"

"Alipona. Kila asubuhi anauliza Zaituni. Kesho umulete mapema. Lakini ungegonga mulango!"

"Na we ungepiga simu!"

Walikuwa bado wanarushiana maneno teksi iliposimama mjini Baraka, mlangoni kwa Mama Bushira. Akamchukua Zaituni mapajani mwa mama yake, akamweka kiunoni. "Rehema, shuka, tugombane vizuri. Bugali na ndagala biko tayari. Haruna na we ingia, lakini utanawa wa mwisho."