Breki za Chura: Maisha ya Mzee Eliphas Mungania Kiugu, 1936–2004

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja kutusindikiza. Mimi ni Gatakaa, kifungua mimba wa marehemu. Katika karatasi mlizopewa pale mlangoni, ukurasa wa pili, imeandikwa kwamba mwaka wa 1966 Mzee Mungania "alipitia changamoto". Maneno hayo si yangu. Niliandika aya nzima, kamati ya mazishi ikaikata, kisha mwenyekiti akanipigia simu kuniambia kwamba hayo yamepitwa na wakati na kwamba leo ni siku ya kufarijiana. Basi nitasoma nilichoandika mimi. Karatasi hizo zitawafaa kujipepea, maana jua la Isiolo mnalijua.

Marehemu Mzee Eliphas Mungania Kiugu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1936 huko Ruiri, mtoto wa tatu wa Kiugu wa Ntongai na mkewe Mugure. Walikuwa wakulima wa mtama na maharagwe, na kutoka shambani kwao waliona tambarare ya Isiolo ikiwa imelala chini yao. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakuweza kuona kitu chenye magurudumu kikipita bila kukifuata mpaka kipotee machoni.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la sita. Babu alipofariki mwaka wa 1952 aliacha masomo ili awasaidie wadogo zake, nao wakasoma, na wawili kati yao wamo katika hema hili wakiwa walimu waliostaafu. Yeye alikwenda Nanyuki akajifunza ufundi wa magari, akajikita katika breki. Alisema injini ikikataa utachelewa tu kufika, lakini breki zikikataa kuna mtu ataumia, na mara nyingi si yule aliyekataa kuzitengeneza.

Mwaka wa 1959 aliajiriwa katika gereji moja hapa mjini, barabara kuu. Hapo ndipo alipokutana na Wario Jillo, kijana Mborana aliyetoka upande wa Merti, na hawa wawili wakawa mtu na ndugu yake. Kutoa hewa katika breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hulala chini ya gari na spana, mwingine hukaa ndani akikanyaga pedali. Baba alilala chini, Wario alikanyaga, kwa sababu Baba alisema hakuna mguu mtulivu kama wa Wario katika mkoa mzima. Tukiwa watoto tulilala tukizisikia sauti zao masikioni. "Kanyaga." "Tole," yaani sawa kwa Kiborana. "Shika hapo." "Nimeshika." "Achilia pole pole." Na walikuwa na desturi yao ambayo hawakuivunja hata siku moja: gari likiisha kufungwa breki, waliolifunga hulipanda wao kwanza, pamoja na mwenye gari, wakapanda hadi Subuiga na kushuka ule mteremko mrefu wote. Kama hawangelipanda wao, hawangempa mtu mwingine.

Alimwoa mama yetu, Gaceri, Jumamosi tarehe 9 Desemba 1961. Asubuhi hiyo lililetwa gari la kukodi lililopambwa maua, naye akakataa kuliingia kabla ya kulichungulia chini. Mama alisimama mlangoni na shela lake kichwani, wanawake wameishiwa na nyimbo, bwana harusi yuko mvunguni na suti yake. Picha ya harusi ipo nyumbani na doa la mafuta linaonekana kwenye mkono wa koti. Mama amelisema doa hilo kwa miaka arobaini na miwili, na hata juzi, akimchagulia nguo za kuzikwa, alilisema tena.

Sasa nafika mahali palipokatwa.

Vijana waliomo humu hawaujui mwaka wa 1966. Ilikuwa vita vya shifta, waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya. Magari ya kwenda kaskazini yalikwenda kwa msafara na askari, vizuizi vilikuwa kila upande wa mji, na wafugaji walikuwa wamekusanywa na mifugo yao katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Mtu mwenye jina kama la Wario alisimamishwa kila alipotia mguu, hata akitoka kununua sukari. Mafuta ya breki yaliletwa na msafara kutoka Nairobi, na yakifika yalipewa magari ya usalama kwanza.

Mwaka huo karani mmoja wa serikali, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, alikuwa amenunua gari la michezo la Kiingereza kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa la viti viwili, kijani, fupi, taa zimetokeza juu kama macho, na mji mzima uliliita Chura. Lilikuwa gari la kupendeza, sikatai. Karani huyo ni Mzee Githinji. Nasema jina lake kwa sababu yuko hai, yuko hapa, na ameketi mstari wa mbele katika viti vya wazee wa kanisa.

Mwezi wa Aprili Baba na Wario walizifungua breki za Chura zote nne, wakasafisha, wakatia raba mpya, wakatoa hewa, wakapanda Subuiga na mwenye gari, Wario amejibanza nyuma ya viti, wakashuka salama. Mwezi wa Juni Mzee Githinji alirudi akisema pedali inazama. Baba akaona bomba moja limeanza kuvuja na mafuta yamepungua. Alilikaza bomba, lakini mafuta ya kuongeza hayakuwepo mjini, kwa hiyo akamwambia aliegeshe Chura hadi msafara ufike. Alimwonya kwa maneno ambayo kila mteja wake aliambiwa: usitie oili ya injini humo, itavimbisha raba, breki zitang'ang'ania, kisha siku moja hazitashika kabisa.

Lakini kulikuwa na harusi ya wakubwa Nanyuki. Ndugu zangu, mtu mzima mwenye elimu yake alipewa kuchagua kati ya kuonekana ameshuka kwenye lori la viazi na kuonekana ameshuka kwenye Chura, akatia oili ya injini. Alikwenda. Jumamosi tarehe 25 Juni 1966, akirudi, breki zilikataa katika mteremko, gari likavunja kizuizi cha askari. Askari mmoja alivunjika mguu na Mzee Githinji akavunjika mtulinga.

Kabla jua halijatua Wario alikuwa ameshatolewa gerejini akiwa na ovaroli yake. Ilisemwa kwamba shifta wameingia hadi katika gereji na kuharibu gari la mtu wa serikali. Ushahidi ulikuwa nini? Kwamba mguu wake ndio uliokanyaga pedali, na kwamba wiki iliyotangulia aliomba ruhusa ya kwenda Merti kumwona mama yake mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza fundi aliyelala chini ya gari. Fundi alikuwa Mmeru, tena Mkristo.

Baba alikwenda hospitalini kumjulia hali Mzee Githinji. Mzee Githinji alimwambia mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba aliongeza oili ya injini. Kisha akamwambia, "Mungania, nyamaza tu. Nikisema mimi nitafutwa kazi. Huyo Wario si wa kwetu, na mwishowe watamwachilia. Wewe na mimi tuko kanisa moja."

Baba alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa wakubwa wa usalama. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi minane, akamshika shati mlangoni akimwambia afikirie nyumba yake. Alimjibu kwamba hiyo ndiyo aliyokuwa akiifikiria. Mbele ya wale wakubwa alisema hivi, na maneno haya nimeyapata kwa Wario, ambaye alikuwa ameketi sakafuni pale pale, mikono imefungwa:

"Hizo breki ni mimi nilifunga. Huyu alikanyaga tu vile nilimwambia. Mwenye gari alitia oili, na amenieleza mwenyewe. Kama ni lazima mshike mtu, shika mimi."

Wakamshika naye. Mzee Githinji aliulizwa, akasema hajui lolote kuhusu oili. Baba alikaa ndani hadi baada ya mimi kuzaliwa, na alitoka sikio la kushoto halisikii tena, ndiyo maana siku zote mlimwona akigeuza kichwa mkimsalimia. Gereji ilimwambia asirudi. Barabarani aliitwa mpenzi wa shifta. Na kanisa hili, ambalo leo limetuletea shada la maua kubwa kuliko jeneza, lilimtenga na meza ya Bwana kwa kosa la kumshuhudia uongo mwimbaji wake mkuu. Alirudishwa mezani mwaka wa 1974 kimya kimya, bila neno la pole, kama mtu aliyesamehewa. Nimekuwa nikitafuta alisamehewa nini. Kama kuna anayejua, anione baada ya mazishi.

Wario alipelekwa kizuizini mbali na akarudi mwaka wa 1968. Mama yake alikuwa amefia ndani ya seng'enge akiulizia mwanawe, mifugo yao yote ilikuwa imekwisha. Kamati inaniambia hayo ni changamoto. Changamoto ni kunyeshewa siku ya harusi.

Baba alikuwa amejenga banda la mabati Chechelesi na kuanza upya. Mama anasema siku Wario aliporudi, Baba alimfungulia mlango wa gari lililokuwa bandani, Wario akaingia akaketi, Baba akalala chini, na wakaanza kazi. Walifanya hivyo kwa miaka thelathini na moja.

Na Mzee Githinji alikuwa akileta pikapu yake hapo. Ndiyo, kwao, kwa sababu alijua fika hakuna mwingine wa kumwaminia breki. Baba alilala chini, Wario akamkanyagia pedali, kisha wote watatu wakabanana kiti cha mbele na kupanda Subuiga kama ilivyokuwa desturi. Mwaka baada ya mwaka walishuka mteremko ule ule, bega kwa bega, na hakuna siku hata moja Mzee Githinji alipofungua kinywa kulisema lile la oili. Nilimuuliza Baba anawezaje. Alisema gari likiwa na breki mbovu litamuumiza mtu asiyehusika, kwa hiyo atalifunga hata likiwa la nani. Mimi ningelirudisha likiwa hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

Mwaka wa 1999 kifua chake kilianza kusumbua. Daktari wa Meru alisema ni vumbi la breki, lile alilokuwa akilipuliza kwa mdomo tangu ujana wake. Aliugua kwa uvumilivu na bila kulalamika, na Mama alimuuguza usiku na mchana. Wario alikuja kila Ijumaa baada ya sala na kila Jumapili baada ya ibada yetu, akakaa upande wa sikio linalosikia. Mzee Mungania aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Machi 2004 alfajiri, nyumbani kwake Chechelesi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, Gaceri. Watoto Gatakaa, Kiugu, Mugure na Ntongai. Wajukuu kumi na mmoja. Dada yake Kagure wa Ruiri na wadogo zake wawili. Ameacha pia ndugu yake, Wario Jillo. Kamati ilimwandika chini kabisa, chini ya "marafiki na wengineo". Nimempandisha.

Jambo la mwisho si langu. Mimi nililipinga, tukagombana naye akiwa kitandani, na alinishinda. Baba aliagiza mbele ya jeneza lake kulia ashike Wario, na mbele kushoto ashike Mzee Githinji. Nilimuuliza kama amemsamehe. Alisema yeye alimsamehe zamani, lakini aliyepelekwa mbali si yeye. "Githinji asishike kabla hajamwambia Wario ukweli," alisema. "Amwambie mbele ya watu, kama vile alimnyamazia mbele ya watu."

Vijana wanne wa nyuma na katikati wako tayari. Wario, simama, ili ajue ulipo. Wewe Mzee Githinji umeketi karibu, hutahitaji kutembea sana, na hakuna atakayekushika mkono wala kukuzuia.

Mzee Mungania apumzike kwa amani, kazi yake aliimaliza. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani, na sijakizima.