Barafu ya Nguru

Wasikilizaji wapendwa, tupo pamoja, ingawa leo sauti yangu nzito. Tunamlilia Fathiya Bakri, mpima chanjo wa Kismayo, mzaliwa wa Koyama, aliyetutoka juzi kwa maradhi ya moyo. Nasema mpima chanjo, si mchoma sindano tu. Kazi yake ilikuwa kutambua chanjo nzima na chanjo iliyoharibika.

Miaka mingi nyuma dondakoo iliingia Koyama. Mtoto wa jirani alishazikwa. Fathiya alitangulia kisiwani, kaka yake Famau akafuata na boksi la chanjo. Famau ni mvuvi. Akalifukia boksi kwenye barafu ya nguru, ile wanayoitia chumvi iwe kali zaidi. Masikini, alidhani anasaidia! Chanjo ile inataka baridi, lakini ikiganda imeharibika. Nasema tena: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri.

Fathiya kushika boksi, vidole vikafa ganzi. Uani kina mama wamejaa na watoto wao. Akachukua chupa moja, akaigandisha makusudi kwenye barafu ile ile mpaka ikawa jiwe. Ilipoyeyuka, akaitikisa pamoja na nyingine ya boksini, akaziweka mezani. Iliyoganda hutuama upesi, ukungu chini, maji maangavu juu. Nzima hukawia.

"Yarabi, zisifanane," aliomba.

Zikafanana. Zote mbili zilituama upesi.

"Hatuchanji," akasema.

Weee! Ua ukachafuka. Famau alikuwa amempakata bintiye, Umi. "Mchu anakufa, dada, mtu anakufa, nawe watazama chupa? Mchome mwanangu!"

"Nikimchoma hii, utalala ukidhani ana kinga, naye hana. Rudi Kismayo ukalete nyingine, kaka. Sasa hivi."

Famau aliondoka bila kuaga. Fathiya akabaki na hofu: Umi akiugua, itasemwa ni shangazi aliyemnyima dawa. Usingizi haukumjia.

Kesho yake Famau akarudi, boksi jipya kalifunga mkekani, mbali na barafu ya chumvi. Kabla hata ya salamu, Fathiya akapima tena. Ukungu ukakawia. Umi akachanjwa wa kwanza, na Fathiya akalia mbele ya watu wote.

"Siku ile nilimchukia," Famau aliniambia jana, sauti ikimkatika. "Sikuwahi kumwomba radhi."

Famau, Umi na watu wa Koyama, poleni sana. Mungu amrehemu Fathiya, awape subira. Nasi wengine, tujiulize ni nani aliyetuambia "hapana" kwa mapenzi, tukamnunia. Kama yu hai, mpigie leo.

Maiti ya Fathiya ilioshwa na Umi.