Fundi Kitenzi na Gari Lililotema Oili

Tarehe 30 Juni, Fundi Mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Barua za ofisi humtaja kwa cheo chake. Sisi wengine, kuanzia langoni hadi chumba cha upasuaji, tunamwita Fundi Kitenzi, na jina hilo lina asili yake.

Hakuja hapa kwa ajili ya magari. Aliitwa kutengeneza pampu ya maji ya jengo la kufulia, akaitengeneza, akanawa mikono, kisha akauliza kama gari lililokuwa likiunguruma nje lina mwenyewe. Lilikuwa la mfanyabiashara aliyetuletea sabuni. Fundi alimwambia mkanda wa feni unakaribia kukatika. Mwenye sabuni alishukuru kwa adabu, akaondoka, na baada ya muda mfupi akarudi kwa miguu. Kesho yake Fundi alikabidhiwa funguo za karakana, naye hajazirudisha hadi mwezi huu.

Dereva aliyefika karakana na kusema kwamba gari lake ni bovu hakupata msaada wowote. Ubovu ni sifa, Fundi alimweleza, na hata yai lina ubovu. Yeye alitaka kitenzi. Gari linafanya nini? Linakohoa, linasita, linavuta upande, linakwaruza likiwa baridi au likishapata moto? Mwalimu wake wa shule ya msingi alimfundisha kwamba sentensi isiyo na kitenzi ni mtu asiye na miguu, haiendi popote, naye alilishika fundisho hilo kuliko mwalimu mwenyewe alivyotarajia. Madereva walinung'unika kwamba wamekuja gereji, hawakuja darasani. Hata hivyo walijifunza. Mmoja wao alipougua tumbo, alimweleza daktari maumivu yake kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba daktari alimwuliza amesomea wapi. Alijibu bila kusita: karakana.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mkewe anasema friji lao likibadili mlio, mzee huacha sahani mezani na kwenda kulisikiliza. Siku ya harusi ya binti yao alionekana akizungumza kwa upole na dereva wa maharusi. Wakwe walidhani anatoa nasaha za ndoa, kumbe anamwagiza abadilishe plagi moja.

Hayo ni ya kuchekesha. Lililofuata halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Hospitali yetu ina huduma ya kuwatembelea wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, na huduma hiyo ina gari moja kuukuu. Muuguzi anayeisimamia tunamwita Sista wa Majumbani. Dereva wake ni Mzee Taratibu, ambaye hajawahi kumpita mtu barabarani isipokuwa aliyesimama. Miaka kadhaa iliyopita taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi ya gari lile na ikagoma kuzimika. Wakati huo huo oili ilianza kulowesha upande wa chini wa injini. Mkaguzi wa magari alilitazama, akalipima kwa mashine yake, akasema alilopaswa kusema: lisipotengenezwa kabla ya ukaguzi wa pili, litaondolewa barabarani. Utawala uliongeza kwamba likiondolewa litauzwa, na fedha za kununua jingine hazipo. Wagonjwa wangeombwa waje hospitali wenyewe.

Sista alipopewa habari hiyo aliuliza swali moja tu. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, mnamtaka apande basi gani?

Fundi alilichukua gari. Mashine ya kupimia ilieleza kwamba hewa inazidi petroli ndani ya injini, na wengi walishauri sensa, kile kifaa kinachoipima hewa hiyo, ibadilishwe. Aliibadilisha, taa ikazimika, kisha ikawaka tena. Kuhusu oili, alibadilisha sili, yaani ule mpira unaoizuia isipenye nyuma ya injini. Kazi hiyo ni kubwa, kwa kuwa gia boksi lote hushushwa. Haikupita wiki, oili ikarudi kupitia sili mpya. Fundi aliwaita madereva wote, akasimama mbele yao na kutamka wazi kwamba amekosea: ametibu mahali panapolowa bila kujua panalowa kwa nini. Ukaguzi ulikuwa umekaribia, na Sista alikuwa ameanza kupita nyumba kwa nyumba akiwaonesha jamaa za wagonjwa namna ya kufunga vidonda bila yeye.

Ndipo Fundi aliporudi kwenye swali lake la kale. Alimwuliza Mzee Taratibu gari linafanya nini. Mzee alikuwa amechoka. "Linavuja, Fundi. Nimesema linavuja mpaka ulimi umeota sugu. Unataka niimbe?"

Sista alikuwa nyuma ya gari akipanga sanduku lake la dawa. Alisema, bila kuinua kichwa, "Halivuji. Linatema."

Fundi alimwomba arudie. Sista alieleza kwamba gari likitembea tambarare, mlango wa nyuma huwa mkavu. Likipanda mlima kwenda kwa yule mama aliyepooza, akifungua mlango huo kutoa sanduku hukuta oili imerushwa mpaka kwenye kioo. Likilala limeegeshwa, chini hapaonekani hata tone. Kitu kinachovuja huvuja muda wote, alisema. Hiki kinatema kikikasirishwa.

Fundi alisema polepole kwamba chombo kinachovuja kina tundu, lakini chombo kinachotema kina kitu ndani kinachosukuma.

Aliomba glavu moja ya mpira kutoka chumba cha upasuaji. Aliwasha injini, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akalivalisha tundu glavu ile kama mtu anayefunga mdomo wa chupa. Injini yenye afya, alitueleza, hupaswa kuvuta hewa kidogo mahali pale, na glavu ingenyonywa ndani. Tulisubiri. Glavu ilitikisika, ikajaa taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka mkono mzima ukasimama wima juu ya injini, vidole vitano vimenyooka, kana kwamba injini yenyewe inaomba ruhusa ya kusema.

Neno ajabu hutumiwa ovyo siku hizi. Hapa linatumiwa kwa maana yake kamili. Madereva wenye nusu ya umri wao nyuma ya usukani walisogea kuutazama mkono ule. Daktari wa usingizi, aliyepita kuchukua funguo zake, alisimama na kusema kwa sauti ndogo, "Kumbe halipumui."

Halikuwa likipumua. Kila injini ina paipu ndogo ya kutolea mvuke unaokusanyika ndani yake na kuurudisha kwenye njia inayovutia hewa. Fundi aliifuata kwa vidole mpaka chini, mahali ambapo macho hayafiki, akaitoa. Upande mmoja ilikuwa imezibwa na uchafu mweusi mgumu kama lami. Upande wa pili ilikuwa imepasuka. Palipoziba, pumzi ilibanwa ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili, mpya kwa ya zamani, hasa mlimani injini ilipolemewa. Palipopasuka, hewa isiyopimwa iliingia, na taa ikawaka kulalamika. Taa na oili, tulizozihesabu kuwa maradhi mawili ya uzee, zilikuwa kilio kimoja cha paipu isiyozidi urefu wa kiganja.

Paipu mpya ilifungwa. Kabla ya ukaguzi, Sista alitaka wapande mlima. Mzee Taratibu alisema leo atakanyaga mafuta, na kwa ushahidi wa wote waliokuwamo, alikanyaga. Juu kabisa Sista alishuka mwenyewe, akafungua mlango wa nyuma na kupangusa kioo kwa pamba nyeupe. Aliitazama pamba pande zote mbili, kisha akampa Fundi mkono. Mkaguzi alipokuja alilizunguka gari, akachungulia chini, akatazama dashibodi, akatia sahihi, halafu akaomba na yeye aoneshwe ile glavu.

Tangu hapo Fundi hakukubali sifa hiyo iwe yake peke yake. Kila alipofundisha fundi mpya alianza na maneno ya Sista, akasisitiza kwamba mwenye macho haambiwi tazama, ila mwenye masikio ni lazima aulize. Karakana inapokewa na binti aliyemfunza kwa miaka mingi, ambaye, kwa kukiri kwake Fundi, anasikia beringi inayochoka mapema kuliko yeye. Kukiri huko kulimchukua muda, lakini alikiri.

Kamati ya sherehe ilipendekeza gari lile lioshwe, lipambwe kwa utepe na liegeshwe mbele ya ukumbi ili wageni wapige nalo picha. Fundi alikataa katakata. Siku hiyo ni zamu ya wagonjwa wa upande wa mlimani, alisema, na hakuna kidonda kinachoahirishwa kwa sababu mzee mmoja anakata keki. Kwa hiyo Sista ameomba radhi kwamba atachelewa, na wageni watakaolitafuta gari uani hawatalikuta. Litakuwa kazini.

Fundi, tunakushukuru kwa miaka yako yote. Tunakuombea afya njema, siku nyingi pamoja na mama na wajukuu, na mapumziko uliyoyatolea jasho.