Vidole vya Bi Conceicao

Kijiwe chetu kiko kilimani, mkabala na ofisi ya kijiji. Ukikaa benchi la upande wa kulia unaliona ziwa lote kule chini, pamoja na bomba la moshi la kiwanda cha korosho kilichofungwa miaka thelathini iliyopita. Wageni kutoka Mtwara mjini hupanda huku kupiga picha, wanasema pazuri. Ni pazuri kweli, ila sisi tuliofanya kazi mle ndani hatupigi picha. Alhamisi hiyo, ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi ya ofisi, alikaa Bi Conceicao, na mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa mara ya nne.

Wapima ardhi walikuwa wanafunga daftari saa saba mchana. Shamba la kando ya ziwa ambalo mwenyewe hajaweka kidole linarudi kijijini, na sote tulijua kijiji kilishamtembeza kule bwana mmoja anayetaka kujenga hoteli. Bi Conceicao ana ekari moja ya mihogo na mikorosho, na ndani yake kuna kaburi la mumewe.

Boila, jina lake hasa Hashimu, aliyekuwa mchochea tanuri kiwandani, ndiye aliyeanza.

— Mashine ya mjini hiyo. Haijazoea baridi ya huku juu.

— Baridi gani, mbona wewe imekukubali?

Huyo ni Faraji, tunamwita Wakili kwa kupenda kesi za watu.

— Mimi damu yangu ya moto, — Boila akasema.

Wakili akadai bwana wa hoteli anaiendesha ile mashine kwa simu akiwa hukohuko mjini. Boila akamwambia aache kamba, mwenye shida ni ziwa: tangu kiwanda kilipolimwagia uchafu lina kinyongo, na kila anayeoga mle linamfuta alama kidogo kidogo. Siku nyingine tungecheka. Kisha Wakili akashusha sauti.

— Au mashine inajua nani kazaliwa wapi. Huyu si alivuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake?

Boila akaweka kikombe chini.

— Kausha, Faraji. Ulipougua surua ni nani alikubeba mpaka zahanati? Mashine?

Wakili hakuomba radhi. Mimi sikuwa nimetia neno lolote, na hilo lingewashangaza kama wangekuwa wananiangalia, maana kwa kawaida nawashinda wote kwa maneno.

Ndipo akatoka ofisini karani wa ile mashine, binti anaitwa Irene. Akatuamkia, akaomba kahawa, akanywa amesimama. Akasema vidole vya yule mama ni laini kama kikombe alichoshika, havina mstari hata mmoja. Lakini ipo fomu. Mtu anayejua vidole viliharibikaje akiandika na kusaini kabla ya saa saba, shamba linaingia kwenye daftari.

— Alikuwa anafanya kazi gani?

— Kubangua korosho, — Boila akajibu. — Miaka kumi na moja. Ganda lina mafuta yanayounguza, mwanangu. Kina mama wa chumba kile wote waliambuka viganja. Mimi nilikuwa kwenye tanuri, nasikia tu.

— Kwani hawakupewa glavu?

Boila akageukia ziwa. Wakili, ambaye hakosi jibu la swali lolote, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu. Mzee Bakari, muuza kahawa, akainamisha birika, yakatoka machicha.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo. Mpaka leo wananiita Stoo. Glavu zilikuja maboksi kumi na mawili, mwaka wa kwanza kabisa. Amri ilikuwa zitoke siku ya wageni wa ukaguzi. Kina mama walizivaa, wakapigwa picha, na jioni nilisimama mlangoni nikazikusanya jozi moja moja, nikazifungia stoo. Kesho yake walirudi kupaka majivu mikononi kujikinga na yale mafuta. Niliambiwa zisichakae, nami nikatii. Miaka yote hii nimezungumza kila kitu kijiweni pale isipokuwa hilo, na ninaona aibu.

Bi Conceicao alishalisikia swali la glavu kutoka kule kwenye ngazi. Alivuka barabara taratibu, akasimama mbele yangu. Sikuweza kumwangalia usoni, nikaangalia mikono yake.

— Stoo, mwandikie huyu binti, — akasema. — Nataka shamba langu. Sitaki kesi na wewe.

Ilikuwa saa sita na nusu. Irene akaweka fomu juu ya benchi, akanipa kalamu. Boila akasogea kunipisha, na hakuna aliyenitazama. Niliandika jina langu kwanza, nikakosea, nikalirudia. Kisha nikaandika: Glavu zilikuwepo. Ufunguo nilikuwa nao mimi.