Naitoi wa Masomo Kumi na Mawili

Mchungaji, wazee wetu wa Mashewa, wazee mliofika kutoka Kwedizinga na vumbi la safari bado miguuni, mama zetu, na ninyi mliokaa juani kwa sababu turubai halikutosha, shikamooni na poleni. Anayesimama mbele yenu ni Nkoitiko, kaka mkubwa wa marehemu, ametumwa na familia kuwasomea maisha ya mdogo wake Naitoi Kimaren, na mtamvumilia sauti ikikatika, maana karatasi hii imeandikwa na watu ambao mpaka leo asubuhi walikuwa wanangoja mtu aje aseme kuna makosa, aliyekufa ni Naitoi mwingine.

Naitoi alizaliwa Kwedizinga, wilayani Handeni, mwaka 1975, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kimaren na Mama Naisenya. Cheti kinasema tarehe 1 Julai, lakini mama anasema ulikuwa msimu wa ndama kufa na mvua kugoma, hiyo Julai aliiweka mwalimu mkuu siku ya kumwandikisha, na marehemu alikuwa akicheka kwamba serikali ilimzaa upya akiwa na miaka minane.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kwedizinga kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, akafaulu, jambo ambalo kwa binti wa boma letu halikuwa limewahi kutokea, na baba aliuza dume lake bora zizini ili ampeleke sekondari Korogwe, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1993. Walimu walimlalamikia kitu kimoja tu, kwamba kila daftari lake lilijaa michoro pembeni, ng'ombe, kuku, mwalimu mwenyewe na tumbo lake, na kwa hilo alichapwa sana bila kuacha.

Mwaka 1994, wakati kila mwenye vijisenti alipokuwa anafungua duka au hoteli pale Mkata kwa kuwa biashara zilikuwa zimeachiwa huru, Naitoi alinunua brashi na rangi, akaanza kuandika vibao na kuchora kuku wa kukaanga kwenye kuta. Wanaume wa barabarani walimtania kwamba Mmasai anachora kuku hajui hata kumla, lakini kazi ilimpenda naye akaipenda, hadi tarehe 2 Machi 1998 alipoajiriwa mchoraji wa mabango na mradi wa afya ya mama na mtoto wenye ofisi Korogwe. Huko akakutana na kompyuta mwaka 2000, na mwaka uliofuata akapelekwa Dar es Salaam wiki tatu kujifunza kutengeneza picha zinazotembea kwa ajili ya tovuti, akarudi nyumbani anaongea lugha ambayo hakuna aliyeielewa.

Alifunga ndoa na Mwalimu Yordani, mzaliwa wa hapa Mashewa, siku ya Jumamosi tarehe 9 Desemba 2000, Wamasai na Wasambaa tukala sahani moja, na Mungu akawajalia binti, Grasiana, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 2002, ambaye leo ameuliza mara nne mama anarudi lini.

Sasa hapa familia inaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kazi ndiyo iliyombeba na kazi ndiyo iliyotuficha ugonjwa wake. Mwaka 2002 mradi uliamua kutengeneza masomo kumi na mawili ya picha, yawekwe kwenye tovuti na kwenye santuri za kompyuta, ili mhudumu wa zahanati abonyeze kitufe aone la kufanya, na kazi hiyo wakakabidhiwa Naitoi na mwenzake Sadala, aliyekaa pale mstari wa mbele akiwa ameinamisha kichwa. Picha za namna hiyo hupangwa juu ya mstari wa muda, picha hii kisha ile, kama shanga kwenye uzi, na swali lao la kwanza lilikuwa kama watumie uzi mmoja mrefu kuanzia mimba hadi mtoto wa miaka mitano, au kila somo liwe na uzi wake mfupi wenye mwanzo na mwisho wake. Sadala alitaka mmoja, akisema aliyepanda basi hapotei njia, Naitoi akakubali bila ubishi, na wakafanya kazi miezi minane.

Jumatano tarehe 11 Juni 2003 walipeleka kompyuta kwenye zahanati moja ya Mkata kwa majaribio, muuguzi Mwantumu akiwa zamu. Hata chai hawajanywa, akaingia mama anakimbia na mtoto mwenye degedege, Mwantumu akasema haya, Naitoi, mashine yako inasemaje, Naitoi akabonyeza palipoandikwa degedege, na loo, jamani, picha ikaanzia kwa mama mjamzito anakwenda kliniki siku ya kwanza, taratibu kabisa, na muziki wake, wala haikukubali kurukwa. Mwantumu aliiacha ikiendelea na muziki wake, akamhudumia mtoto kwa mikono yake, na mtoto akapona, lakini Naitoi alirudi Korogwe, na mume wake anasimulia kwamba usiku ule hakula, alirudia tu kusema, mtoto anakufa mimi namwonyesha harusi ya wazazi wake.

Kesho yake akaanza kuukata ule uzi mrefu. Sadala alimjia juu, akamwambia hakuna anayebomoa nyumba ili ahamishe dirisha, miezi minane inakwenda na maji, na wakubwa wa mradi wanangoja, Naitoi akamjibu kwamba wangoje, kwani wao ndio wana degedege? Wiki tatu hawakuamkiana, mpaka Sadala mwenyewe, ndivyo alivyotuomba tuseme mbele yenu, alipoona ule mstari mkuu umebaki mfupi, umesimama kama mlango, na nyuma ya kila kitufe kuna somo lenye mstari wake linaloanzia pale pale penye hatari, akavuta kiti akakaa wakaendelea pamoja. Kufikia Januari mwaka huu wa 2005 masomo kumi na moja yalikuwa tayari, likabaki la kumi na mbili, kifafa cha mimba, na siku ya uzinduzi ikapangwa kuwa tarehe 1 Aprili.

Marehemu naye alikuwa mjamzito, miezi saba na zaidi. Tarehe yake ya kliniki ya Machi aliiruka, akasema ataenda somo likiisha. Kichwa kilipomgonga akasema ni kioo cha kompyuta, macho yalipoona vimulimuli akasema ni kioo hicho hicho, miguu ilipovimba akasema ni kukaa kutwa kwenye kiti, na sisi, wote tuliosoma na tusiosoma, tukamwamini, kwa sababu nani angebishana na Naitoi kuhusu ugonjwa aliokuwa anaufundisha? Wahenga wamesema mganga hajigangi, nasi tulikuwa tunalisema hilo kwa kucheka.

Alhamisi tarehe 17 Machi alifanya kazi hadi jioni. Ijumaa saa moja asubuhi alianguka jikoni akiwa anachemsha uji, jirani yao Awadhi akatoa pikapu lake, akafikishwa hospitali, madaktari wakampasua wakamtoa mtoto wa kike mzima, kilo moja na robo tatu, ila mama hakuzinduka tena, na Jumamosi tarehe 19 Machi 2005, saa nne asubuhi, Naitoi wetu akafariki dunia akiwa na miaka ishirini na tisa. Mtoto bado yuko hospitali, hajapewa jina, kwa sababu baba yake akianza kulitafuta analia.

Jana, Jumatatu, Yordani na Sadala walifungua kompyuta yake kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, wakaona somo la kumi na mbili limeishia katikati, picha ya thelathini na nane. Ni miguu ya mwanamke juu ya kigoda, imevimba, kidole kinabonyeza ngozi na ngozi inabaki na shimo. Yordani aliitazama, akaishika meza, akasema hii ni miguu ya mke wangu, na kweli, kidole kidogo cha kushoto kimepinda nje, vile kilivyopinda tangu ng'ombe alipomkanyaga Kwedizinga akiwa na miaka sita. Alikuwa hana wa kumwangalia ili achore, basi aliangalia chini ya meza yake mwenyewe, akaichora miguu ile vizuri, mstari kwa mstari, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa, UKIONA HIVI, USISUBIRI.

Sadala ameuliza kama aibadilishe miguu hiyo kabla ya kumalizia somo, kwa heshima ya marehemu. Familia imekaa, Mama Naisenya ndiye aliyesema, na limekwisha, iachwe kama ilivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku mbili bila kukaa, tunamshukuru Awadhi ambaye mpaka sasa hataki kusikia habari ya kulipwa mafuta, majirani wa Korogwe na wa Mashewa kwa kuni, maji na unga, wafanyakazi wenzake wote, na wewe Mchungaji. Halafu kuna neno moja halikuwa kwenye taratibu za leo, muuguzi Mwantumu amekuja na kipimo cha presha, amekaa nyuma ya nyumba kwenye mkeka, na kila mwanamke mwenye mimba aliyefika hapa, mgeni au mwenyeji, apite kwake kwanza kabla hajaonja chakula, asiseme ni uchovu wa safari, asiseme ni jua, apite, tunaomba, hata kama anajisikia mzima.

Naitoi, mdogo wetu, nyoosha miguu sasa, upumzike kwa amani.